Elimu ya Anga: Wingu Dogo Linalomwaga Akiba Yake

Askari wa zamu ya usiku katika ufuo wa Ziwa Victoria, tuseme upande wa Entebbe, hufundishwa kuyatazama maji wala si kuitazama mbingu, na ndivyo ipasavyo. Hata hivyo, katika usiku usio na mwezi wa mwishoni mwa Novemba, kati ya saa tatu na saa nne, mvua ikiwa imekwisha kunyesha na anga kutakata, huonekana upande wa kusini, juu ya maji na juu ya taa za wavuvi wa mukene, doa jeupe hafifu mfano wa moshi uliosimama pasipo kutawanyika. Wengi huliona na kulipuuza, wakidhani ni wingu. Lakini wingu la mvua husogea na kubadili umbo, ilhali doa hili halibadiliki kamwe. Zamu ya kesho italikuta palepale saa ileile, na zamu ya mwaka ujao kadhalika.

Anayetaka kulitafuta kwa makini na aanze na nyota moja yenye kung'aa sana, nyeupe yenye kuelekea buluu, ambayo wakati huo huwa peke yake upande wa kusini. Jina lake ni Achernar, nalo ni Kiarabu kilichopinduliwa na ndimi za Wazungu. Asili yake ni akhir an-nahr, yaani mwisho wa mto. Mtu akinyosha mkono wake mbele na kukunja ngumi, kisha akashuka kutoka Achernar kuelekea majini kiasi cha ngumi moja na nusu, akipotoka kidogo tu kuume, hapo ndipo lilipo doa lenyewe. Taa za kambini na za barabarani hulifuta kabisa. Yafaa kwenda gizani na kuyapa macho robo saa yazoee.

Doa hilo huitwa Wingu Dogo la Magellan. Linaye nduguye, Wingu Kubwa, ambalo hupanda nyuma yake na kuonekana vizuri zaidi jioni za Januari na Februari. Ferdinand Magellan alikuwa nahodha Mreno aliyeitumikia Hispania katika safari iliyoanza mwaka 1519, naye aliuawa mwaka 1521 katika kisiwa cha Mactan, huko Ufilipino, kabla safari haijakwisha. Aliyeandika habari za mawingu hayo wala si yeye, bali ni msafiri mwenzake Antonio Pigafetta. Watu wa kusini mwa dunia walikuwa wameyaona tangu kale, karne nyingi kabla ya merikebu hizo, hata mtu anaweza kuuliza ni kwa haki gani nahodha huyo alipewa milki ya mbinguni. Mwaka 2023 walitokea wataalamu wa elimu ya nyota waliotoa rai kwamba jina hilo libadilishwe. Jambo moja ni dhahiri: mkaaji wa London, wa Roma, hata wa Cairo, hawezi kuyaona mawingu haya akiwa kwao, kwa kuwa hayachomozi huko. Mkaaji wa Ikweta huyaona bila gharama.

Wingu Dogo si mvuke. Ni galaksi, yaani taifa zima la nyota, zenye kuhesabika kwa mamia ya mamilioni. Nuru, ambayo hukimbia kilomita 300,000 kwa kila sekunde, huchukua miaka ipatayo 200,000 kutoka huko hadi kwenye jicho la askari wetu. Galaksi ambamo Jua na Dunia vimo ni Njia Nyeupe, ule ukanda unaokatiza mbingu usiku wa giza, nayo ina nyota zaidi ya bilioni 100. Kwa kulinganishwa nayo, Wingu Dogo ni kibeti. Ni jirani mdogo aliyejenga pembeni mwa jumba kubwa. Na udogo huo ndio asili ya msiba unaosimuliwa hapa, maana Wingu Dogo linapoteza akiba yake, na wanaoimwaga nje ni watoto wake lenyewe.

Akiba hiyo ni gesi. Nyota haitokei bure. Huumbwa kwa gesi, hasa haidrojeni, inayokusanyika polepole kwa nguvu ya mvutano hata ikabanwa, ikapata joto, ikawaka. Galaksi yenye gesi huendelea kuzaa nyota. Galaksi iliyokwisha gesi hubaki na nyota ilizo nazo, nazo huzeeka na kufifia moja baada ya moja, pasipo wa kushika nafasi zao. Kwa hiyo gesi kwa galaksi ni kama unga katika nyumba: hauhesabiwi kwa wingi wake wa leo, bali kwa siku zilizobaki kabla ya kununua mwingine, na Wingu Dogo halina duka karibu.

Sasa, nani humwaga unga huo? Nyota hazina umri mmoja. Jua letu, ambalo ni la kadiri, limekwisha kuwaka kwa miaka ipatayo bilioni 4.6 na bado lina kuni za miaka mingine bilioni 5 hivi. Lakini nyota yenye uzito unaopita mara nane uzito wa Jua ni kama kijana aliyerithi mali akaitumia kwa pupa. Huwaka kwa mwanga mkali mno, na baada ya miaka milioni chache, au makumi machache ya mamilioni, kuni zake huwa zimekwisha. Kiini chake kikiisha kugeuka chuma, moto hauna tena cha kula, maana chuma hakitoi nguvu kikiunganishwa zaidi. Hapo kiini huporomoka kwa muda usiofika hata sekunde moja, na tabaka za juu hulipuliwa nje kwa mwendo wa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Huo ndio mlipuko uitwao supanova. Nguvu ya mwendo inayotolewa na mlipuko mmoja hukaribia jumla ya nguvu yote ambayo Jua litaitoa katika maisha yake yote.

Aliyewahi kusimama karibu na mzinga unapofyatuliwa anafahamu kwamba mbali na risasi kuna mshindo, yaani wimbi la hewa linalosukuma kifua na kutikisa madirisha. Supanova nayo ina wimbi lake. Huisukuma gesi iliyo kandokando, huipasha joto la nyuzi milioni kadhaa, na kuacha nyuma yake uwazi mkubwa kama povu. Mlipuko mmoja, peke yake, hauiharibu galaksi. Tatizo ni kwamba nyota kubwa huzaliwa kwa makundi, katika mahali pamoja na kwa wakati mmoja; na kwa kuwa umri wao ni mfupi, hufa pia kwa kufuatana. Povu la mmoja hukutana na povu la mwenzake, yakawa povu moja, na hilo huvimba hata likafika ukingoni mwa galaksi, likapasuka. Gesi ya moto hububujika nje kwa nguvu, ikiburura na gesi baridi iliyokuwa njiani.

Mama anayechemsha maziwa juu ya sigiri amekwisha kuliona jambo hili, ingawa kwa kipimo chake. Maziwa ya nusu lita katika kisufuria kidogo huhitaji kuachwa kwa dakika moja tu, mtoto akilia au mgeni akibisha hodi, nayo yamefurika, yamemwagika na kuzima makaa. Moto uleule ukiwekwa chini ya sufuria kubwa ya mesi, povu litapanda kidogo kisha litarudi ndani. Moto ni mmoja. Kilichotofautiana ni kina cha chombo. Katika galaksi, kina hicho ni nguvu ya mvutano. Kitu kilichoko karibu na Jua, kikitaka kuikimbia Njia Nyeupe kabisa, sharti kipate mwendo wa kilomita zipatazo 550 kwa sekunde. Katika Wingu Dogo mwendo unaohitajika ni mdogo mara kadhaa. Chombo ni kifupi, na moto ni uleule.

Wataalamu walilitambua jambo hili kwa hesabu kabla ya kuliona kwa macho. Mwaka 1974 Richard Larson aliandika kwamba upepo wa supanova ungezidhuru zaidi galaksi ndogo kwa sababu hazina mvutano wa kutosha kuizuia gesi. Mwaka 1986 Avishai Dekel na Joseph Silk waliendeleza wazo hilo, wakaeleza kuwa huenda galaksi kibeti nyingi zilizo kavu na hafifu ni zile zilizopoteza gesi yake mapema kwa njia hiyo. Hesabu ilikuwa nzuri. Lakini hesabu si ushahidi, na kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kupima ni gesi kiasi gani, hasa gesi baridi, inayotoka katika galaksi ndogo.

Ushahidi juu ya Wingu Dogo ulitangazwa mwaka 2018 na jopo lililoongozwa na Naomi McClure-Griffiths wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Chombo walichotumia ni darubini ya redio iitwayo ASKAP, iliyoko nyika ya Murchison, Australia ya Magharibi. Ni masinia 36, kila moja likiwa na upana wa mita 12, yaliyotandazwa katika nchi kame yenye watu wachache sana. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu pana kimya cha redio, na askari wa mawasiliano hawahitaji kuelezwa thamani ya kimya hicho: mtu anayesikiliza sauti hafifu sana hawezi kufanya kazi kando ya mtu anayepiga kelele. Faida nyingine ya ASKAP ni upana wa jicho lake. Darubini nyingi za redio huiona mbingu kama mtu achunguliaye kwa tundu la ufunguo, ikabidi kipande kishonwe na kipande. Hii huliona Wingu Dogo zima kwa mtazamo mmoja.

Msomaji atauliza: gesi baridi isiyowaka yaonekanaje? Haionekani, bali husikika. Chembe ya haidrojeni, hata katika ubaridi mkali, hutoa wimbi dogo la redio lenye urefu wa sentimita 21, ambalo katika redio ni megahezi 1,420 na kidogo, juu sana kuliko mawimbi ya redio za mkononi zitumiwazo na polisi. Kila haidrojeni ulimwenguni hutangaza katika stesheni hiyo moja. Basi pale stesheni inapokutwa imesogea kidogo kutoka mahali pake, wataalamu hujua kwamba gesi inakwenda. Kisa chake ni kilekile cha king'ora cha gari la polisi, ambacho sauti yake huwa nyembamba gari likija na nzito likishapita. Kwa kupima kusogea huko, jopo lile liliona kwamba mbali na mwili wa Wingu Dogo kuna nyuzi na vipande vya haidrojeni baridi ambavyo haviendi pamoja na galaksi. Vilikuwa vimetupwa nje, na vimefika umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi kutoka katika mwili wa galaksi.

Hapo ndipo hesabu ya nyumba inapoanza kutia hofu. Gesi iliyokutwa nje ilikuwa na uzito wa majua milioni 10, yaani takriban asilimia 3 ya haidrojeni yote ya namna hiyo iliyomo katika Wingu Dogo. Kutoka kwake kulianza kati ya miaka milioni 25 na milioni 60 iliyopita, baada ya kipindi ambacho nyota nyingi zilizaliwa kwa mkupuo. Dinosaria walikuwa wamekwisha toweka duniani, na binadamu hakuwa hata katika fikira. Asilimia 3 yaonekana ni kidogo. Lakini kasi ya kumwagika ilikadiriwa kuwa kati ya sehemu mbili za kumi za uzito wa Jua moja na uzito wa Jua moja kamili kwa kila mwaka, na kiasi hicho chaweza kufika mara kumi ya gesi inayotumika kuumba nyota mpya. Ni sawa na nyumba ambayo kwa kila kibaba cha unga kinachopikwa, vibaba kumi vinavuja kwa tundu la gunia. Mtu akiligawa gunia zima kwa kasi ile ya juu, ataona laweza kubaki tupu kwa miaka milioni mia tatu na kitu. Kwa umri wa galaksi, huo ni muda mfupi.

Jambo lililowavutia wataalamu zaidi ni kwamba gesi iliyotoka ni baridi. Gesi ya moto hutarajiwa kukimbia. Hiyo ndiyo tabia yake. Gesi baridi ndiyo unga wenyewe, ndiyo inayofaa kuumba nyota, nayo imechukuliwa nje bila kuunguzwa yote na upepo wa moto ulioibeba.

Haifai hata hivyo kutangaza tanzia kabla ya wakati. Gesi iliyotupwa juu si lazima itoke moja kwa moja. Nyingine hupoteza mwendo, ikapoa, ikaanguka tena ndani kama maji ya chemchemi, na kutumika upya. Ni sehemu gani itarudi na sehemu gani itapotea ndilo swali ambalo bado linashughulikiwa. Lakini Wingu Dogo lina balaa ya pili, ambayo ni majirani zake. Wingu Kubwa hulivuta upande mmoja, na Njia Nyeupe upande mwingine. Mwaka uleule wa 1974 wataalamu huko Australia walitangaza habari za ukanda mrefu wa haidrojeni unaozunguka mbingu nyuma ya mawingu haya mawili, ambao baadaye ulikutwa kuwa mrefu kupita nusu ya mzingo wa anga. Ukanda huo huitwa Mkondo wa Magellan. Vipimo vya darubini ya Hubble vilivyotolewa mwaka 2013 vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya gesi yake ilinyang'anywa kutoka Wingu Dogo miaka ipatayo bilioni 2 iliyopita, na utepe mmoja ulitoka Wingu Kubwa. Kwa hiyo gesi ambayo supanova huirusha hadi ukingoni haina usalama. Ikifika huko, mvutano wa majirani uko tayari kuipokea. Huenda sehemu yake itaishia katika Njia Nyeupe, iwe nyota za jumba kubwa, mali ya maskini ikimfuata tajiri kama ilivyo desturi yake hata hapa duniani.

Kuna hasara nyingine isiyohesabika kwa uzito. Nyota kubwa ndizo majiko ambamo oksijeni hupikwa, na milipuko ya nyota ndiyo inayoitawanya pamoja na chuma. Oksijeni anayovuta mtoto, chuma cha damu yake, chuma cha sufuria ya mesi na cha bunduki iliyo begani mwa mlinzi, vyote vilitoka katika nyota zilizokufa kabla ya Jua kuzaliwa. Njia Nyeupe ina uzito wa kutosha kuvishika vitu hivyo visipotee, ikavichanganya na gesi, na kizazi kilichofuata kikapata udongo wa kuumbia sayari kama hii. Katika galaksi ndogo, upepo uleule wa supanova ndio unaobeba mazao hayo kabla hayajachanganyika na gesi iliyobaki. Mwaka 2002 uchunguzi wa galaksi kibeti iitwayo NGC 1569, uliofanywa kwa darubini ya Chandra iliyoko angani, ulionyesha kwamba upepo wa moto unaotoka humo umejaa oksijeni na vitu vizito kama hivyo. Wingu Dogo lenyewe, kwa umri wake mrefu, lina vitu vizito kiasi cha moja ya tano tu ya vile vilivyomo katika Jua. Upepo unahesabiwa kuwa mmojawapo wa sababu za umaskini huo.

Kwa binadamu wa leo, mlipuko wa namna hii katika mawingu hayo si hadithi. Tarehe 24 Februari 1987, Ian Shelton akiwa katika kituo cha Las Campanas, nchini Chile, aliona katika Wingu Kubwa nyota isiyokuwapo usiku uliotangulia. Kwa miezi kadhaa ilionekana kwa macho matupu kote kusini mwa dunia, na hata kwenye Ikweta, chini upande wa kusini, kwa yeyote aliyejua pa kutazama. Wingu Dogo nalo lina masalio ya milipuko yake. Mmoja wao, kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2021, nuru yake ilifika duniani miaka ipatayo 1,700 iliyopita, zama za dola ya Kirumi. Warumi wa Roma wasingeweza kuiona, kwa sababu iliyokwisha kutajwa. Kama kulikuwa na mvuvi katika Ziwa hili aliyeinua macho kusini usiku huo, aliiona.

Familia zilizokosa kuliona Wingu Dogo mwezi wa Novemba hazina haja ya kungoja mwaka mzima. Mwishoni mwa Julai, kiasi cha saa kumi na moja alfajiri, wakati zamu ya usiku inapokaribia kupokelewa na majiko ya kwanza yanawashwa katika laini, huwa limerudi mahali palepale juu ya maji, na Achernar juu yake upande wa kushoto. Hupotea kunapopambazuka.